Bibi Asikae Benchini
Hotuba kwa wahifadhi, waelimishaji wa makumbusho na wakutubi, Dar es Salaam

Ndugu zangu wahifadhi, waelimishaji wa makumbusho, wakutubi, na ninyi mliokuja kwa sababu barua ya mwaliko ilitaja chakula cha mchana: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Itifaki naomba ihesabike imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo muda wangu utaishia hapo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubuni programu za kujifunza za familia katika makumbusho na maktaba zetu. Nina neno moja, mengine ni matawi yake. Programu ya familia si programu ya watoto ambayo wakubwa wameruhusiwa kuisubiri iishe.

Mnaijua Jumamosi yetu. Watoto wamekaa mezani wanapaka rangi picha ya twiga. Mama yuko benchini na simu. Bibi yuko pembeni yake, mkoba mapajani, anasinzia na kushtuka. Tangu alipolipa kiingilio hakuna aliyemsemesha. Mwishoni tunawapanga watoto, tunapiga picha, na ripoti inaandikwa kwamba siku ya familia ilifana sana. Familia ilikuja nzima. Sisi tukaigawa mlangoni, kipande kimoja tukakifundisha, kingine tukakiweka kivulini.

Hasara yake ni hii. Sisi tunakaa na mtoto saa moja, pengine moja na nusu. Bibi atakuwa naye jioni ile, kesho yake, na likizo nzima. Yule twiga wa rangi atakunjikakunjika kwenye daladala na kuishia chini ya kiti. Kitakachofika nyumbani ni mazungumzo, na mazungumzo yanataka watu wawili waliokiona kitu kimoja kwa pamoja. Kama bibi hakukiona, atauliza "mmefanya nini?", ataambiwa "tumepaka rangi", na habari imekwisha.

Nadhani tabia hii tumeitoa kwenye mabasi ya shule. Watoto wengi tunaowapokea huja wamevaa sare. Wanashuka, wanapanga mstari, wanapewa mwongozaji mmoja kwa darasa zima, na wanatoka na madaftari waliyonakilia vibao: Zinjanthropus, Olduvai, 1959, Mary Leakey, yaani fuvu la kale, bonde lilikopatikana kaskazini mwa Tanzania, mwaka, na mtafiti aliyelipata. Sibezi ziara hizo. Mtihani ukiuliza watajibu, na wapo ambao pasipo basi la shule wasingefika kabisa. Lakini kila kitu chetu tumekikata kwa kipimo cha ziara hizo: kibao kirefu cha kunakiliwa, sauti moja inayofika hadi nyuma, swali lenye jibu moja. Familia haiji na daftari. Inatembea inavyotaka, inaruka chumba, inarudi, inabishana, mdogo anataka maji, mkubwa anataka kwenda nyumbani. Ukiipokea kwa utaratibu wa darasa la nne, itafanya la kufanya: itamsukuma mtoto mbele na wakubwa watarudi nyuma.

Kuna watu walilifanyia kazi jambo hili kwa uvumilivu. Katika miaka ya 1990 taasisi nne za eneo la Philadelphia na Camden kule Marekani ziliungana: jumba la sayansi la Franklin Institute, makumbusho ya Academy of Natural Sciences, bustani ya wanyama ya Philadelphia, na jumba la viumbe wa majini la New Jersey. Wakazifuata familia kimyakimya, wakisikiliza wanasema nini mbele ya kila kitu. Matokeo yao, ambayo Minda Borun alikuwa miongoni mwa walioyaongoza, yalichapishwa mwaka 1998. Waliona kwamba familia iliyojifunza huonekana kwa mambo ya kawaida kabisa: mtu anauliza, mtu anajibu, mtu anaeleza au kutoa maoni, mtu anasoma maelezo, kimya au kwa sauti. Kisha wakataja sifa 7 za maonyesho yanayochochea mambo hayo. Yazungukike pande zote. Mikono mingi iweze kuyashika kwa wakati mmoja. Yamfae mdogo na mkubwa kwa kimo chao. Yawe na zaidi ya jambo moja la kuona, ili yazue mjadala. Yawafikie watu kwa njia na viwango tofauti. Maandishi yake yasomeke kwa vipande vifupi. Na yaguse kitu ambacho watu tayari wanakijua. Walipoyarekebisha maonyesho yao kwa sifa hizo, mazungumzo yaliongezeka.

Sikuyataja haya ili tuige Philadelphia. Nimeyataja kwa kuwa nilipoyasoma nililiona bao.

Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wachezaji ni wawili, lakini nendeni kwenye baraza lolote la Pwani muhesabu watu. Wawili wanacheza, wengine wamezunguka: mmoja anahesabu kete kwa macho, mwingine anacheka mchezaji alivyojifunga, kijana aliyesimama nyuma anajifunza bila kusajiliwa. Linazungukika, lina mikono, lina mjadala, na mzee anamzidi kijana bila kijana kuona aibu. Sasa njooni makumbusho. Bao liko ndani ya kabati la kioo, kete zimegundishwa zisipotee, kibao kinasema: "Bao. Mti. Pwani." Basi.

Mwiteni seremala achonge matatu. Jazeni komwe kwenye kopo. Tandikeni mkeka. Na hapa kwenye mkeka naomba nisimame kidogo, maana nimeona taasisi zikihangaika kuagiza meza ndogo na viti vya plastiki vya rangi, vile ambavyo mtu mzima akivikalia magoti yanafika kidevuni. Kiti kile kinamwambia mzazi kwamba hapa si pake, na yeye kwa adabu anasimama nyuma ya mwanawe dakika arobaini, au anarudi benchini. Mkeka hauna kimo cha mtoto wala cha mtu mzima. Mwenye mtoto mchanga anamlaza, anayenyonyesha ananyonyesha, na baba aliyevaa suti, akishavua viatu, keshashuka cheo. Wekeni na vigoda viwili vitatu kwa ajili ya wenye magoti mabaya. Gharama yake hata haihitaji kikao.

Kwa watoto anzeni na bao la kujifunza, na sheria zake msizibandike ukutani. Mkizibandika mmempokonya babu kazi. Mwacheni yeye aeleze. Akikosea, kuna babu mwingine pale atakayembishia, na ubishi wao ndiyo programu yenyewe.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni hofu ya mzazi. Mzazi akiona swali ukutani lenye jibu moja, anajua mtoto atamgeukia. Kama halijui, hatakubali kuumbuka mbele ya mwanawe. Atamvuta mkono: twende, twende, kuna vingine kule. Tunasema wazazi wetu hawana utamaduni wa makumbusho. Wanao. Wanachokosa ni mahali ambapo hawataonekana wajinga. Kwa hiyo swali la familia linatakiwa liwe moja kati ya mawili: ama mkubwa analijua kuliko sisi, ama hakuna anayelijua, hata mabingwa.

La aina ya kwanza ni rahisi kwetu. Hapa Dar es Salaam tuna Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Tanzania. Ndani na nje ya nyumba kama zile utakuta kinu, jiwe la kusagia, mtungi, ungo. Kibao kikisema "kinu cha kutwangia nafaka" kimemaliza mazungumzo. Kikiuliza "Nani kati yenu amewahi kutwanga? Mwonyeshe mwenzako mikono inavyokwenda", kimeyaanzisha. Mtoto anamwona mama yake akiinua mchi usiokuwepo, anaimba wimbo ambao hakuwahi kumwimbia. Lakini tahadhari: si kila mama ametwanga. Wa miaka ishirini na minane aliyezaliwa na kukulia Mbagala huenda kinu alikiona kwenye harusi tu, na aibu yake itakuwa ile ile niliyoisema. Kwa hiyo ongezeni kauli ya pili: "Kama hamkijui, mpigieni simu mtu wa nyumbani anayekijua." Simu ile iliyokuwa adui yetu benchini sasa inafanya kazi, na bibi aliyeko Newala ameingia makumbusho bila nauli.

La aina ya pili, swali lisilo na mjuzi, tunalo pia, tena la thamani ambayo nchi nyingi hazina. Nazungumzia Laetoli.

Mwaka 1976 watafiti waliokuwa Laetoli, kusini mwa Olduvai, walikuwa wakirudi kambini huku wakirushiana mavi makavu ya tembo. Watu wazima, wasomi wakubwa. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka wakati akikwepa, na alipotazama chini aliona alama za wanyama kwenye mwamba. Ambieni watoto kisa hicho na hamtahitaji kuwaomba wanyamaze. Mwaka 1978, chini ya uongozi wa Mary Leakey, zikapatikana nyayo za zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu: msururu wa takribani mita 27, wenye nyayo zipatazo 70, kwenye majivu ya volkano yaliyoloana kwa mvua kisha yakakauka yakawa magumu. Umri wake ni takribani miaka milioni 3.6. Nyayo zenyewe zilifukiwa tena katikati ya miaka ya 1990 ili mizizi na mvua visizile. Mgeni wa Makumbusho ya Olduvai huona nakala. Na mwaka 2016 timu iliyokuwa na Watanzania ndani yake, Fidelis Masao na Charles Musiba miongoni mwao, ilitangaza nyayo nyingine, umbali wa kama mita 150 tu kutoka zile za kwanza.

Sasa mtaniuliza familia iko wapi. Iko pale pale chini. Katika msururu ule wa 1978 kuna mmoja mdogo, wayo wake una urefu wa takribani sentimita 18 na nusu, ambao ni mguu wa mtoto wetu wa darasa la kwanza au la pili. Kando yake kuna nyayo kubwa zaidi, na wataalamu wengi wanaona kwamba ndani ya nyayo hizo kubwa kuna mtu wa tatu aliyekuwa akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Walikuwa nani? Baba, mama na mtoto? Ndugu? Watu wa kundi moja waliopita kwa nyakati tofauti? Wasomi bado wanabishana, na baba aliyeishia darasa la saba ana haki ya kuingia kwenye ubishi huo.

Jinsi ya kuifanya: mwageni mchanga mwembamba, mita nne au tano kwa moja, muuloweshe vizuri. Mkubwa avue viatu atangulie, atembee mwendo wake wa kawaida. Mtoto amfuate, akanyage ndani ya nyayo za mkubwa. Papo hapo atagundua kwamba lazima arefushe hatua, mwili unayumba, anapanua mikono. Kisha wabadilishane, mkubwa afuate nyayo za mdogo, na hapo kicheko ni hakika. Wapeni kamba au rula wapime wayo na hatua. Halafu, na si kabla, wapelekeni kwenye picha au nakala ya Laetoli, muulize tu: "Hawa walitembeaje?" Mpangilio huu msiugeuze. Mkianza na picha, mtapata watu wanaotazama mawe. Mkianza na mchanga, mtapata watu wanaoitambua hali ya kuwa nyuma ya mtu mwenye hatua ndefu.

Baada ya kuuliza, nyamazeni. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu, hasa wataalamu. Mary Budd Rowe, mwalimu wa sayansi wa Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri kufikia sekunde tatu, majibu yakawa marefu na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Waongozaji wetu wanajua mengi na wanapenda kuyasema. Wengine ni mafundi wa maneno kwelikweli, wakianza huwezi kuwakatiza. Katika programu ya familia mwongozaji bora ni yule anayeuliza, kisha anahesabu moyoni moja, mbili, tatu, huku akijifanya anarekebisha mkeka. Ni mazoezi magumu kuliko kukariri tarehe, na yafanyieni semina.

Nije kwa wakutubi, ambao naona wameanza kutazamana.

Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Miaka michache baadaye, 1973, nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, anayejua kusoma akiwasomea wasiojua, kisha wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Nawakumbusha hilo kwa sababu kusomeana kwa sauti na kujadiliana hakukuletwa juzi na mradi. Kulikuwa ndiyo njia yetu. Kisha tukaiweka elimu ya watu wazima kwenye jengo lake na ya watoto kwenye jengo lake, na maktaba ikabaki na bango la "Kimya Tafadhali".

Kimya kina haki yake kwa mwanafunzi wa chuo aliye na mtihani. Mpeni chumba chake. Lakini kona ya watoto yenye kimya haimfundishi mtoto wa miaka minne chochote, wala mama yake. Maktaba za umma za Marekani zilikuja na mpango wa kuwaandaa watoto kusoma mwaka 2004, wakauboresha mwaka 2011, na wanayoyasisitiza ni mambo matano: kuongea, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. La kuzingatia ni kwamba wanaofundishwa ni wazazi. Mkutubi anasoma hadithi, lakini katikati anamgeukia mama na kumwambia kwa nini amesimama kwenye picha hiyo, ili nyumbani afanye vile vile. Angalieni pia kwamba matatu kati ya matano hayo, kuongea, kuimba na kucheza, yanawezekana kwa mzazi ambaye hakuwahi kushika kitabu.

Mzazi asiyesoma vizuri ndiye tunayempoteza mlangoni. Mpeni kitabu cha picha kisicho na maneno, akae mkekani na mwanawe wasimulie wenyewe. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba wazazi waliofundishwa kwa mwezi mmoja tu namna ya kuuliza wakati wa kusoma, badala ya kusoma moja kwa moja, watoto wao walipiga hatua kubwa katika kuzungumza. Maswali yenyewe si elimu ya juu: huyu anafanya nini? unadhani kitatokea nini? wewe ungefanyaje? Bibi zetu walikuwa wakiyauliza gizani bila kitabu.

Na vitendawili, jamani, mbona tumevitupia vitabu vya darasani? "Kitendawili!" "Tega!" "Popote niendapo ananifuata." Mtoto wa miaka mitano anaweza kukipata, profesa anaweza kukikosa, na aliyekosa anatoa mji, halafu anapewa jibu. Tazameni ufundi uliomo: kushindwa kumewekewa bei ya mchezo, kwa hiyo hakuumizi. Kila kabati la makumbusho lingeweza kuanza na kitendawili, na kila familia iruhusiwe kutega chake na kukiacha kwenye karatasi kwa familia itakayofuata.

Ninalolipenda zaidi kwa ajili ya makumbusho na maktaba kufanya kwa pamoja ni kanga. Nitakaa hapa kidogo.

Nyumba nyingi mijini na pwani hazina rafu ya vitabu, lakini zina kanga, na kanga ina maandishi. Tangazo la programu liwe sentensi moja: njooni na kanga moja kutoka nyumbani. Ikifunguliwa mkekani, mtoto wa darasa la pili anaweza kulisoma jina, maana huandikwa kwa herufi kubwa na ni fupi. WEMA HAUOZI. Anasoma kwa fahari, lakini hajui linasemwa lini. Mama anajua. Na bibi ndiye anayejua kwamba kanga ile aliletewa alipojifungua, na aliyeileta, na kwa nini walinuniana miaka miwili baadaye. Mtoto ana herufi, mama ana maana, bibi ana kisa. Ukimwondoa mmoja, mstari mmoja wa kanga haukamiliki.

Kisha wapeni kadi kama zile zetu za kumbukumbu za mikusanyo. Jina lililoandikwa. Rangi. Pindoni kuna nini, kwenye mji, yaani katikati, kuna nini. Ilinunuliwa au ilitolewa, na nani, kwa tukio gani, mwaka gani kama unakumbukwa. Wajaze pamoja, anayeweza kuandika aandike, anayeweza kuchora achore. Nakala moja waende nayo, nyingine, wakiridhia, ibaki kwetu. Hapo familia imefanya kazi ya mhifadhi kwa mikono yake, na siku ikirudi kutazama vitu kabatini itajua kwamba kila kimoja kilikuwa cha mtu. Na sisi tutapata habari ambazo hakuna mtafiti atakayetuletea. Wazee wachache wataleta kanga zenye herufi za Kiarabu. Muwe na mtu anayezisoma, au afadhali mwombeni mleta kanga asome.

Onyo dogo. Majina mengine ya kanga ni vijembe vilivyokusudiwa jirani au mke mwenza, na mtoto atavisoma kwa sauti kubwa mbele ya wote. Mwacheni mama yake aamue ataeleza kiasi gani. Ambao hawana kanga walete kitenge, lubega, kofia ya babu, au sufuria iliyotoka na bibi arusi. Kadi ni ile ile.

Mambo ya utaratibu nitayapitisha haraka, ingawa programu nyingi hufia humo. Jumamosi asubuhi watu wanafua na watoto wako madrasa au tuisheni. Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Waulizeni watu wa mtaa wenu saa, msiipange ofisini. Choo kiwe na maji. Maji ya kunywa yawepo na maandazi yaruhusiwe, angalau uani. Shughuli yenyewe isizidi saa moja, lakini lango libaki wazi. Na ile fomu ya usajili yenye mstari "Jina la mzazi" ichaneni. Kuna mtoto ataletwa na dada wa nyumbani, ambaye mwenyewe ana miaka kumi na tisa na hajawahi kuingia makumbusho. Kuna kaka wa miaka kumi na miwili amekuja na wadogo zake wawili, na kwa siku ile yeye ndiye mkubwa wa familia. Ulizeni tu, "Mmekuja wangapi?" Kenya, tangu 1996, maktaba ya ngamia ya Garissa imewafuata wafugaji huko huko waliko, bila kumtaka mtu athibitishe ukoo.

Kuhusu kupima. Wizara inataka idadi ya wageni na itaendelea kuitaka, ipeni. Lakini kwa ajili yetu wenyewe, mtu mmoja asimame pembeni na karatasi yenye safu nne, zile nne za Philadelphia: ameuliza, amejibu, ameeleza, amesoma. Kila linapotokea anapiga mstari, na anaweka alama kama aliyesema ni mdogo au mkubwa. Baada ya dakika ishirini mtaona kama mna programu au mna mkutano wa mwongozaji. Kama mistari yote iko upande wa watoto, bibi yuko benchini.

Najua swali lililo midomoni mwa wahifadhi: vitu vitavunjika. Naam, vitavunjika, kwa hiyo visiwe vya mkusanyo. Mfinyanzi afinyange mitungi kumi kwa kuutazama ule wa kabatini, seremala achonge mabao, msusi asuke nyungo, na siku ya programu waitwe wakae mkekani na kazi zao. Kile cha asili kibaki kabatini, hatua chache kutoka pale, ili mtoto aliyeshika nakala aende akakitazame akijua uzito wake. Mtungi wa nakala ukivunjika, watoleeni watoto vigae wavipange upya. Mtakuwa mmepata somo la akiolojia bila kuliombea bajeti.

Maswali mengine tutayachukua huko nje, kwa sababu mchanga umeshamwagwa uani na jua linaukausha. Tokeni wawili wawili, mrefu na mfupi, na mrefu atangulie. Wakurugenzi nanyi mvue viatu.